Milango ya Remorki ya Mkunga

Riziki, na wenzako mliobaki karakanani, mliniomba niandike jinsi kazi yetu ilivyokuwa kabla yenu. Nilikubali haraka kwa sababu nilidhani mtasahau kuuliza tena. Hamkusahau. Basi kaeni. Habari za vyeo hamtazipata hapa, maana katika karakana yetu ya Kasongo vyeo vilikuwa viwili tu, aliyejua na ambaye bado, na mtu alihama kutoka kimoja kwenda kingine bila mtu kumtangazia. Mimi nitawasimulia milango.

Nilifika pale nikiwa mshonaji. Nilikuwa nimewashonea watoto wa shule za kanisa sare mpaka vidole vikajua njia vyenyewe, na cherehani niliyokuwa nayo ilikuwa ya marehemu mama. Papa Amisi, mwenye karakana, alikuwa sudere, fundi wa kuchomelea vyuma, mtu wa Kabambare mwenye ndevu chache na maneno machache zaidi. Alikuwa anatafuta mtu wa kushona mabashi, yale maturubai ya kufunika mizigo ya malori. Aliniletea bashi kuukuu lililopasuka katikati, akaenda zake. Nikaweka cherehani mezani, nikaanza. Sindano ilivunjika. Nikaweka nyingine, ikavunjika. Papa Amisi alirudi akaiangalia ile mashine kwa huruma, kama mtu anayeangalia mbuzi aliyefungwa kwenye mkokoteni wa ng'ombe.

“Mama Mwavita,” akaniambia, “hii machine iko ya kushona kaptula. Huku tunashona mvua.”

Akanipa sindano nene ya mkono, uzi uliopakwa nta ya mshumaa, na kipande cha ngozi cha kukinga kiganja. Siku ile nilirudi nyumbani mkono umevimba, nikala ugali kwa mkono wa kushoto, jambo lililomchukiza mume wangu kuliko mimi.

Alinifundisha kukunja mshono ili maji yateleze juu yake badala ya kuingia ndani yake. Alinifundisha kwamba tundu la sindano ni tundu, hata kama halionekani. Nilipomaliza bashi la kwanza, alilitandaza juu ya nguzo, akaingia chini yake na kikombe cha chai, akaketi. Mimi na wafanyakazi wengine tukamwaga maji juu. Alikunywa chai yote taratibu. Kisha akatoka, akaninyooshea kikombe. Chini kilikuwa na mabaki ya sukari, hakuna zaidi. Nikafahamu kwamba nitarudi kesho.

Kutoka mabashi nilihamia milango kwa sababu ya chumvi. Mfanyabiashara mmoja alikuwa anapeleka chumvi na sabuni Salamabila, kwa wachimba dhahabu, katika lori lenye sanduku la mbao. Juu lilikuwa sawa, bashi lilikuwa langu. Chumvi ilifika imelowa hata hivyo. Papa Amisi aliniita tukaangalia milango ya nyuma. Palikuwa na mwanya ambao mjusi angepita bila kuinama.

“Weye unajua mvua inapenda kupita wapi,” akaniambia. “Ziba.”

Kwa kuwa mpira wa kuzibia milango, ule wa dukani, haukufika Kasongo ila kwa bahati, tulitumia mpira wa ndani wa magurudumu ya malori. Hamna haja ya kuudharau. Nilijifunza kuukata utepe mrefu, kuukunja mara mbili ili katikati ubaki na hewa kidogo, kuubandika kwa kole, yaani gundi, na kuushikilia kwa ukanda mwembamba wa bati na ribiti. Mpira unakaa kwenye fremu, si kwenye mlango, kwa sababu mlango unaguswa na kila mtu na mpira hauwapendi watu. Kwenye pembe usiukate. Uupinde, hata kama unakataa, maana maji yakiona kiungo kwenye pembe yanafurahi. Kiungo kikae upande wa bawaba, katikati, pale mlango unapobana sawasawa kila siku.

Kiangazi kilinifundisha kuliko masika. Vumbi letu jekundu likiingia linachora mstari ndani ya mlango, na ule mstari unakuonyesha mahali pa kurekebisha bila ubishi. Mvua inaingia hapa ikatokea pale, inakudanganya. Vumbi halina hila hiyo. Ndiyo maana nilipenda magari yaletwe kwangu kabla hayajaoshwa, na ndiyo maana mashofere walinidhania mwanamke mchafu.

Kesi moja ilinisumbua wiki nyingi. Gari lilikuwa linarudi kila mara, mpira umelainika kama unga uliokandwa, unashikamana na vidole. Nilibadilisha kole, nikabadilisha mpira, nikaanza kuwaza mambo ya uchawi. Mwishowe nilimkuta shofere mwenyewe anapaka mafuta ya mawese kwenye bawaba ili zisilie, na anayapaka kwa moyo mweupe, mpaka yanatiririka. Mawese yanakula mpira. Nilimweleza. Alishangaa sana.

“Lakini mama, yanalainisha!”

“Ndiyo,” nikamjibu. “Nimeona.”

Sasa niwafikishe kwenye remorki, lile tela la mkunga, maana najua ndiyo mnayoisubiri.

Mama Zaina alikuwa akushezi, mkunga, anayejulikana kutoka Kasongo hadi vijiji vya Wamaza. Marehemu mumewe alikuwa mfanyabiashara wa vitenge. Yule marehemu alichoka kulala kwenye baraza za watu safarini, akachukua ekseli ya gari lililokufa, akajenga juu yake chumba cha mbao na bati, uani kwake, kwa mikono yake, bila kumuuliza fundi yeyote. Alikivuta kwa gari lake kuukuu, jipu, akilala humo njiani kama mfalme. Alipofariki, Mama Zaina aliondoa vitenge, akaweka kitanda kirefu cha mbao kilichoinuliwa, kabati la dawa na ndoo. Remorki ikawa chumba cha kuzalia kinachokwenda kwa wanawake badala ya wanawake kukijia. Mlango mmoja ulikuwa ubavuni, mwingine nyuma. Yote miwili ilikuwa milango ya nyumba, ya mbao, na mvua ilikuwa inaingia kama mgeni aliyealikwa.

Alikuja karakanani na shofere wake Asumani, akasimama mbele ya Papa Amisi bila kuketi.

“Papa Amisi, juzi mutoto amezaliwa humu, tukamufuta, tukamufunga nguo kavu. Mvua ikapiga, maji ikaingia chini ya mulango, ikapita juu ya muguu ya mama yake. Ule mutoto alitetemeka mupaka nikaogopa. Ameishi, lakini mi sitaki kuogopa vile tena.”

“Tutavunja huu ukuta wa ubavuni,” akasema Papa Amisi, akipapasa mbao, “tutaweka ya chuma.”

“Hapana. Ukuta ni kazi ya bwana yangu. Milango tu.”

Papa Amisi alizunguka remorki polepole. Fremu zilikuwa zimepinda, hakuna pembe iliyofanana na mwenzake. Mtu mwingine angecheka. Yeye aliweka mkono juu ya mbao za marehemu, akasema, “Sawa. Tutafuata alivyopinda.”

Hiyo ilikuwa kazi ngumu kuliko zote nilizofanya. Kufunga mlango mnyoofu katika fremu nyoofu ni kazi ya asubuhi moja. Kufunga mlango katika fremu iliyopinda, na bila kuinyoosha, ni kama kumshonea suruali mtu asiyetaka kupimwa. Papa Amisi alichomelea milango ya bati yenye mifupa ya chuma, akaipinda kidogokidogo kwa nyundo mpaka ikafuata kosa la fremu. Mimi nilipaka masizi kwenye mpira, tunafunga, tunafungua, tunaangalia. Palipochafuka kwenye mlango, mpira ulikuwa unagusa. Palipobaki safi, maji yangepita. Pale nilipachika kipande kingine chini ya mpira ili uinuke. Tulifunga na kufungua mpaka Asumani akaomba kwenda kulala kwenye jipu.

Tuligombana mara moja. Mimi nilitaka mlango wa ubavuni ufungukie ndani. Barabara ya Wamaza ni nyembamba, matawi yanagonga kila kitu, na mlango unaofungukia nje utang'olewa siku moja. Nilisema hivyo kwa sauti, mbele ya watu.

Papa Amisi alikuwa anapiga tupa bawaba. Hakuacha.

“Mulango ya nyumba inafungukia ndani sababu iko na baraza mbele yake,” akasema. “Hii haina baraza. Mvua itaisukuma. Ikifungukia ndani, mvua itaifungua. Ikifungukia inje, mvua itaifunga.”

“Na matawi je?”

“Matawi utayakata. Mvua utaikata na nini?”

Sikukubali. Nilifunga mpira nikiwa nimenuna, na nafikiri niliufunga vizuri zaidi kwa sababu ya kununa.

Tuliweka makomeo mawili kila mlango, moja juu na moja chini, kwa sababu komeo moja la katikati linavuta tumbo la mlango na kuacha pembe zimefunguka. Juu ya kila mlango tuliweka kofia ya bati ili maji ya paa yadondoke mbali. Kizingiti tulikiinamisha kuelekea nje. Juu ya mlango wa nyuma tuliacha dirisha dogo la hewa lenye kifuniko, maana chumba kisichoingiza mvua kinaweza kusahau kuingiza pumzi, na watu wetu wakisikia baridi wanawasha mbabula, jiko la makaa, hata ndani ya kabati. Mwisho nilipaka mpira wote unga wa majivu uliochekechwa, usishikane na rangi kwenye jua. Mpini wa mlango wa zamani, ule alioutengeneza marehemu kwa mti mgumu, Papa Amisi aliutoa kwenye mbao akaufunga kwenye chuma bila kuagizwa na mtu.

Siku ya kuipokea, Mama Zaina alijifungia ndani. Tulimwaga maji kwa ndoo na kwa mpira wa bustani mpaka uwanja ukawa tope. Alipotoka alikuwa anajifuta macho kwa kitambaa. Mimi nikashtuka.

“Imevuja?”

“Hapana,” akasema. “Humo iko kimya. Sikujua inaweza kuwa kimya.”

Nilidhani kazi imeisha. Lakini masika yalipoanza Papa Amisi aliniambia nipande na remorki mpaka Wamaza, nikaangalie jinsi mpira unavyovumilia mashimo. Mlango uliofungwa uwanjani, alisema, ni mlango wa uwanjani tu. Nikafunga safari na Mama Zaina na Asumani. Nilikuwa na mkasi wangu, tepe za mpira, kole, na mkate.

Barabara ilikuwa kama mnavyoijua, ila jipu letu lilikuwa baya zaidi. Kila tuliposimama nilipitisha vidole kwenye mpira. Ulikuwa mzima. Matawi yaligonga mlango wa ubavuni njia nzima, na kila yalipogonga nilitazama nyuma kwa namna ambayo Papa Amisi, kwa bahati yake, hakuiona.

Katika kijiji kimoja ng'ambo ya Wamaza walitupokea kwa kelele. Palikuwa na mwanamke kijana, jina lake Sifa, uchungu ulikuwa umemshika tangu jana yake na mtoto hakushuka. Mama Zaina alimpima, akatoka nje uso umebadilika.

“Mutoto amekaa mubaya,” akatuambia pembeni. “Naweza kujaribu, lakini kama itashindikana anahitaji muganga wa kupasua. Tunaenda naye Kasongo. Tutajaribu njiani.”

Tukamlaza Sifa kwenye kitanda cha remorki. Mumewe aliketi mbele na Asumani. Mimi na Mama Zaina tuliingia nyuma naye, jambo ambalo shofere makini asingekubali, lakini Mama Zaina alikuwa mkubwa wa Asumani kwa umri, kwa sauti na kwa kila kitu. Ilikuwa mchana, mawingu yamejaa kwenye vilima tulikotoka. Kwetu hapakuwa na tone. Kule juu ilikuwa inanyesha kwa hasira.

Njiani kulikuwa na kijito chenye daraja la magogo. Asubuhi tulikipita tukiwa tunaongea. Mchana kilikuwa kimejaa, maji yanalamba magogo. Asumani alisimama, akashuka, akarusha jiwe, akatazama. Nilimsikia akizungumza na mume wa Sifa. Kurudi kulikuwa hakuna maana, nyuma hapakuwa na mganga. Akapanda. Jipu likavuka. Remorki ilikuwa katikati gogo la ukingoni lilipogeuka.

Sikusikia kishindo. Nilihisi sakafu inanikimbia. Remorki iliinama upande wa mlango wa ubavuni, gurudumu likazama, na mimi nikajikuta nimebandikwa kwenye mlango ule na mwili mzima. Mama Zaina alikuwa amemshika Sifa kwa mikono yote miwili na kushika kitanda kwa miguu, sijui vipi. Ndoo zikanijia. Nje Asumani alikuwa anapiga kelele.

Kisha nikasikia maji. Yalikuwa upande wa pili wa bati, kwenye shavu langu. Yalipanda. Nilisikia sauti yake ikitoka kizingitini, ikapita goti, ikafika kwenye mpini. Nikaweka kiganja kwenye mpira, kuanzia chini, nikapandisha, nikazunguka pembe. Ulikuwa mkavu. Kwenye pembe ya chini tone moja lilijitokeza, likakua, nikalitazama kama mtu anayetazama nyoka. Kisha maji yalizidi kusukuma mlango kwenye fremu, na lile tone likaacha kukua. Mto ulikuwa unatufungia mlango wenyewe.

“Mama Mwavita,” akasema Mama Zaina bila kugeuka, “inaingia?”

“Haiingii.”

“Bon. Basi niache nifanye kazi.”

Lakini mambo hayakuishia hapo. Chumba kisichoingiza maji, maji yakikizunguka, kinaanza kuwa mtumbwi. Nilihisi gurudumu lililobaki kwenye magogo likiinuka. Remorki ilikuwa nyepesi. Ikaanza kugeuka taratibu, mkia ukifuata maji, chuma cha kuifungia kwenye jipu kikilia. Dirisha dogo la nyuma lilifunguka, nikaona uso wa Asumani umelowa.

“Fungueni mulango!” akapiga kelele. “Maji iingie! Inaelea, itavuta gari yote! Fungueni mulango!”

Mama Zaina safari hii aligeuka. Mkono wake mmoja ulikuwa ndani ya kazi yake, sitaeleza zaidi.

“Hakuna mutu wa kufungua mulango hapa! Kichwa ya mutoto inageuka!”

“Mama, tutakufa wote!”

Walikuwa na haki wote wawili. Maji yaliyofika kwenye mpini, mlango ukifunguliwa, yangeingia yote kwa mara moja na kumzoa Sifa kitandani. Mlango usipofunguliwa, tungeondoka na mto kuelekea nisikokujua. Nilitazama ile kazi yetu nzuri na nikaona kwamba ilikuwa nzuri kupita kiasi.

Sakafuni, katikati ya chumba, palikuwa na tundu la kutolea maji ya kuoshea chumba baada ya uzazi, limezibwa kwa kizibo cha mpira nilichokichonga mwenyewe kutoka kwenye soli ya kiatu. Nilitambaa. Kidole hakikukitoa, nilikuwa nimekibana sana. Nikatumia ncha ya mkasi. Kilipotoka, maji yaliruka kama chemchemi, manene kama mkono wa mtoto, mekundu, ya baridi. Nikayatazama yakiingia. Mwanamke aliyetumia maisha yake yote kuyazuia alikuwa amepiga magoti akiyasihi yafanye haraka.

Yalijaa upande ulioinama kwanza, yakafika kwenye vifundo vyangu, kisha kwenye muundi. Kitanda kilikuwa juu, nilikuwa nakitazama kila mara. Nikahisi gurudumu linagusa gogo. Likainuka tena. Likagusa, na safari hii likabaki. Chuma kiliacha kulia. Nikarudisha kizibo, nikakikalia.

“Imetulia!” akaita Asumani kutoka nje. Kisha nikamsikia akicheka kama mtu aliyechanganyikiwa. “Imetulia, mama! Wanakuja na kamba!”

Watu wa mashamba ya karibu walikuwa wamesikia kelele, wakaja na kamba za kufungia mafungu ya mihogo, na mmoja alikuja na kamba ya mbuzi, mbuzi mwenyewe akiwa bado mwishoni mwake. Waliifunga remorki kwenye miti ya ukingoni, wakashika. Ndani, mimi nikiwa nimekalia kizibo kwenye maji machafu, nilimsikia Sifa akitoa sauti ambayo nimeisikia kinywani mwangu mara tano, nikajua maana yake.

“Imegeuka,” akasema Mama Zaina, polepole sana. “Sifa, mutoto yangu, sasa. Sasa.”

Alikuwa msichana. Hakulia mara moja. Mama Zaina alimsugua mgongo, akampuliza, akamsugua. Nje watu walikuwa wanahesabu kwa sauti na kuvuta. Remorki ikasogea. Mtoto akapiga chafya, kisha akaanza kulia, na kule nje mtu wa kamba akaacha kuhesabu, wengine wakamtukana kwa furaha, wakavuta bila hesabu.

Nilitaka kusimama nimwone. Nikakumbuka kizibo, nikaketi tena.

Walitutoa kwa mlango wa nyuma, uliokuwa juu ya maji. Sifa alipita mikononi mwa watu akiwa mkavu kuanzia kichwani hadi vidole vya miguu. Mumewe alimshika mtoto, akanitazama mimi niliyelowa mpaka shingoni, akauliza, “Mama, mulango ilivuja?”

Sikuwa na nguvu ya kumweleza. “Kidogo,” nikamwambia.

Jipu lilipoivuta remorki mpaka juu, nilifungua mlango wa ubavuni. Maji yote yalimwagika miguuni mwangu. Nilikagua mpira mzima, mita kwa mita, watu wakinishangaa. Ulikuwa umechubuka mahali pamoja. Niliketi kwenye kizingiti, kile kilichoinamishwa kuelekea nje, nikateleza nikaanguka kwenye tope, nikacheka mpaka mbavu zikauma. Mama Zaina alikuja akaketi kwenye tope kando yangu. Alichukua mkono wangu akauweka mapajani mwake, na tukakaa hivyo mpaka Asumani akaja kutuuliza kama tunangoja gari lingine.

Mganga hakuhitajika kupasua tena. Alimpima Sifa baadaye, akamruhusu kwenda nyumbani.

Kasongo nilienda moja kwa moja karakanani, hata nguo sikubadilisha. Nilimsimulia Papa Amisi kila kitu, na nilipofika kwenye mto ulivyousukuma mlango ukajifunga wenyewe, nilisema wazi kwamba alikuwa na haki na mimi sikuwa nayo. Nilitegemea angefurahi. Aliweka tupa chini.

“Mi nilifikiria mvua tu, mama,” akasema. “Muto sikuufikiria.” Akatikisa kichwa. “Mungu iko na kazi mingi na sisi.” Kisha akaenda kusali, na siku ile alikaa kwenye mkeka muda mrefu kuliko kawaida.

Baada ya hapo nilifunga milango mingi. Niliifunga ya gari la wagonjwa, ya ghala la mbegu, ya duka la Salamabila lililotengenezwa ndani ya sanduku la lori, ambalo mwenyewe alitaka vumbi lisiingie lakini wateja waingie. Papa Amisi aliacha kazi macho yalipochoka na moto wa kuchomelea, akarudi kwao Kabambare. Anaishi, analalamika, yaani ni mzima. Remorki ilitembea misimu mingi. Nilibadilisha mpira wake kila kiangazi, na mbao za marehemu zilibaki mahali pake. Siku hizi kijiji cha Sifa kina nyumba ya uzazi yenye kuta za matofali, na Mama Zaina ameegesha remorki uani, kuku wake wanataga ndani. Anasema hajawahi kuona kuku wenye afya namna ile. Mimi najua sababu. Hawalowi.

Kuhusu ninyi, sina mengi. Pakeni majivu. Msiruhusu mawese. Tundu la kutolea maji mliache kila mara, na kizibo msikibane kwa hasira kama nilivyofanya mimi, maana kuna siku mtataka kitoke.

Mvua ya kwanza tangu niache kazi ilipiga juzi alasiri. Nilikuwa nachagua maharage. Iliposikika kwenye bati nilisimama, kama nilivyosimama kwa miaka yote, nikaanza kuhesabu kichwani ni magari gani yako njiani, mlango upi nilikuwa na wasiwasi nao, nani atapiga simu. Simu ilikuwa mezani. Niliitazama muda mzuri. Kisha nikakumbuka, Riziki, kwamba magari yale yalipita mikononi mwako, na kwamba kama kuna kasoro, utaiona wewe.

Mlango wa jikoni kwangu unavuja tangu tulipojenga nyumba hii. Nilichukua beseni, nikaliweka pale maji yanapodondokea. Nikarudi kwenye maharage yangu, na mvua ikaendelea kunyesha.